Kreatinini imepanda, naambiwa ni mesalazini ya koliti. Nani amepitia hili?

MwalimuMoro (Morogoro)

Habari zenu ndugu zangu. Nimesoma nyuzi nyingi za figo humu, na karibu zote zinahusu kisukari na presha. Langu ni tofauti, ndiyo maana nafungua uzi mpya. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwanamke, umri miaka 36. Nina ugonjwa wa koliti, yaani utumbo mpana unavimba na kutoka vidonda kwa ndani. Kabla haujajulikana nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikatibiwa vidonda vya tumbo, na muda wote huo choo kilikuwa na damu na makamasi, usiku silali, mchana nafundisha nikiwa nimesimama karibu na mlango. Mwishowe nikapewa rufaa kwenda Dar. Wakanipima kwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, wakachukua vinyama, jina la ugonjwa likapatikana. Nikaanzishiwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, za kupunguza kidogo kidogo, pamoja na vidonge vya mesalazini, gramu 2.4 kwa siku.

Dawa ile ilinirudishia maisha. Damu ilikata, uzito ukarudi, nikaweza kupanda daladala ya Mzumbe bila kuuliza kwanza choo kiko wapi. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo watakaosikia "dawa imeharibu figo" wakaanza kusema dawa zote za hospitali ni sumu. Mimi siwezi kuisema hivyo dawa iliyoniinua kitandani.

Sasa tatizo. Nina uvimbe kwenye kizazi, zile fibroidi, na nilipangiwa upasuaji mwaka huu. Wakati wa maandalizi wakatuma damu maabara. Kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayopanda figo zikishindwa kuchuja vizuri, ikaja 168. Muuguzi akahisi sampuli zimechanganywa, wakatoa damu upya, ikaja 171. Niliporudi nyumbani nikafukua faili la zamani, nikakuta kipimo kilichofanyika kabla sijaanza mesalazini: 71. Katikati ya hapo hakuna kitu. Zaidi ya miaka mitatu nachukua dawa kila mwezi, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mtu anayetumia dawa hii anatakiwa kupimwa figo. Karatasi ya ndani ya boksi inasema, nimeisoma juzi. Lakini mara nyingi nilikuwa napewa vidonge kwenye kibahasha cha dawa, boksi na karatasi yake vinabaki dirishani kwao. Hili linaniuma, nasema wazi.

Daktari wa upasuaji ameahirisha. Daktari wangu wa tumbo nimempigia simu, akaniambia niache mesalazini leo leo na nimwone bingwa wa figo wiki ijayo. Hapo ndipo nilipokwama. Mimi sijisikii mgonjwa. Sijavimba miguu wala uso, mkojo unatoka kama kawaida, presha ilikuwa 128 kwa 82. Mume wangu anasema nisiache dawa mpaka bingwa aseme kwa mdomo wake, maana yeye ndiye aliyekuwa akinifulia mashuka kipindi kile na hataki kukiona tena. Mama mkubwa amekuja kutoka Turiani na mizizi ya kuchemsha, "ya kusafisha figo". Kila mmoja ananipenda na kila mmoja anasema lake.

Naomba anayejua anisaidie. Kweli mesalazini inaweza kufanya hivi kwa mtu ambaye haumwi popote? Figo hurudi? Nikiacha na damu ikaanza tena, nitakamata nini? Zamani kabla ya mesalazini kuna mwezi nilipewa salfasalazini, ni ya bei nafuu na inapatikana, naweza kurudi kwenye hiyo? Na kwa bingwa niende na maswali gani?

Dawa nyingine ninazotumia: diklofenaki siku za hedhi kwa ajili ya maumivu ya fibroidi, na omeprazoli ambayo nilianzishiwa tangu enzi za "vidonda vya tumbo" na haikuwahi kusimamishwa.

Fundi_Kisauni (Mombasa)

Pole sana dadangu. Nimesoma maneno yako nikajiona mimi mwenyewe, kwa hivyo nitakueleza lililonipata, na wenye elimu watakuja baada yangu.

Mimi ni fundi wa mafriji na AC. Koliti ninayo tangu ujanani, mesalazini nimeimeza miaka. Yangu iligunduliwa bahati tu, kampuni ya bima ilitaka vipimo kabla ya kunikubali. Kreatinini ilikuwa juu ya 230. Nilikuwa napanda ngazi na mtungi wa gesi begani siku hiyo hiyo. Figo haziumi, dada. Watu hudhani figo ikiwa mbaya lazima kiuno kiume. Mimi kiuno hakikuniuma hata kidogo.

Daktari wa figo alisema anataka kuona nyama ya figo yenyewe, biopsi. Nakuambia mapema ili isikutishe wakikutajia: unalala kifudifudi, unadungwa ganzi mgongoni, wanaangalia kwa ultrasaundi, kisha sindano inaingia na kutoka mara moja, unasikia mlio kama wa stepla. Baada ya hapo unalazwa chali masaa, wanachungulia mkojo wako usije ukawa na damu. Kazi ni kule kutulia. Majibu yalikuja kwamba chembe nyeupe zimejaa baina ya mirija, na pahali pengine pameshakuwa kovu. Daktari alinieleza maneno ambayo mpaka leo nimeyashika: uvimbe hurudi nyuma, kovu halirudi. Nikaachishwa mesalazini siku ile ile na nikapewa prednisoloni.

Kreatinini iliteremka hadi ikakaa kwenye 150 na kitu. Haijashuka zaidi ya hapo na sitarajii. Lakini pia haijapanda tena, na mimi bado nafanya kazi, alhamdulillah.

Kuhusu kuacha: mumeo hana makosa ya kuogopa. Mimi baada ya prednisoloni kwisha tumbo lilirudi kusumbua. Tofauti ni kwamba tulikuwa tumelitarajia. Daktari wa tumbo alikuwa ameshaniambia nikiona damu nimpigie nani na nitaanza nini, kwa hivyo sikukaa nyumbani nikitaabika. Omba mpango huo kabla hujatoka kwenye kiti chake. Sasa natumia azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili, na tumbo limetulia.

Mambo mawili ya mwisho. Dawa za maumivu za kemisti, zile za kununua moja moja, mimi nimezipiga marufuku nyumbani kwangu; nikiumwa ni panadol peke yake. Na ikiwa wewe ni mtu wa kufunga Ramadhani, muulize daktari wako mapema, usingoje mwezi uandame. Mimi mwaka wa kwanza niliambiwa nisifunge, kwa sababu kuhara na kukosa maji pamoja huipiga figo iliyokwisha kuumia. Nililipa fidia, na moyo wangu ulikuwa radhi.

Mizizi ya mama, naomba usinywe. Mheshimu, mshukuru, usinywe.

Mfamasia_Dom (Dodoma)

Mwalimu, pole. Nafanya kazi famasi ya hospitali, na hili ni jambo linalonikera kwa muda mrefu: dawa hii tunazidi kuiona kwenye makabati yetu, ila utaratibu wa kuifuatilia haujaja nayo. Nitajibu kwa kirefu kwa sababu uzi kama huu husomwa na wengi.

Ndiyo, mesalazini inaweza. Ni nadra. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikadiria 0.26 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, maana yake katika watu 1,000 wanaoitumia mwaka mzima, wawili au watatu. Wengi mno huimeza miaka na miaka bila neno, na nisingependa mtu asome hapa kisha akatupe vidonge vyake chooni. Kinachoifanya nadra hii iwe ya kuchungwa ni ukimya wake. Kuna dawa nyingine zinazochokoza figo kwa njia hiyo hiyo, baadhi ya antibayotiki kwa mfano, na hizo mara nyingine huleta homa na upele, mtu akashtuka. Mesalazini mara nyingi haileti hata kimoja. Chembe nyeupe za damu zinaingia kwenye nyama iliyo katikati ya mirija ya figo, zinaivimbisha polepole, na ikiachwa hivyo inageuka kovu, sawasawa na alivyoeleza kaka wa Kisauni.

Wala hukuzidisha dozi. Gramu 2.4 ni dozi ya kawaida kabisa. Jambo hili halifuati sana wingi wa dawa, linafanana zaidi na mzio: mwili wa mtu mmoja unaikubali, wa mwingine unaikataa. Ndiyo maana huweza kutokea miezi michache baada ya kuanza au baada ya miaka. Utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulikusanya wagonjwa 151 waliothibitika kuumizwa figo na dawa za kundi hili. Nusu walikuwa wameumia ndani ya miaka 3 hivi ya kwanza, nusu baada ya hapo. Waliopona kabisa baada ya kuacha walikuwa asilimia 30. Watu 15 waliishia kutegemea dayalisisi au figo ya kupandikizwa.

Namba hizo nimeziandika kwa ajili ya mumeo, kwa heshima zote. Katika ugonjwa huu muda ndio mali. Kuna taarifa ya mwaka 1996 iliyoonyesha kuwa tatizo likigunduliwa ndani ya miezi 10 ya kuanza dawa, figo za walio wengi, hadi asilimia 85, zilirudi angalau kwa sehemu; likichelewa kupita miezi 18, ni kama theluthi moja tu. Usijihesabu kwenye kundi la pili moja kwa moja. Kwa kuwa hukupimwa katikati, hakuna ajuaye lako lilianza lini; huenda lilianza mwaka huu. Daktari aliyekutibu ameshasema acha. Acha leo. Wiki moja bila mesalazini, tumbo lako likiwa limetulia kama unavyosema, ni hatari ndogo kuliko wiki moja zaidi ya dawa kama kweli ndiyo mkosaji.

Salfasalazini: hapana. Na sababu iko kwenye asili yake. Dawa hiyo ilianzia Sweden mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940, kwa kazi ya daktari Nanna Svartz, ambaye alikuwa akitafuta tiba ya ugonjwa wa viungo. Iliunganishwa salfa na salisileti, ukoo mmoja na aspirini, na wagonjwa wenye koliti wakaonekana kupata nafuu. Swali likabaki: kati ya vipande hivyo viwili, kipi kinatibu? Mwaka 1977 Azad Khan na wenzake kule Oxford wakawapa wagonjwa kila kipande peke yake kwa njia ya enema, yaani dawa ya maji inayoingizwa njia ya haja kubwa, na ikaonekana kinachotibu utumbo ni salisileti. Kipande hicho ndicho mesalazini. Kwa hiyo ukimeza salfasalazini, bakteria wa utumbo mpana wanaikata na kukuachia dawa ile ile unayoikimbia, tena na salfa juu yake. Hata vile vidonge vya kuingiza njia ya haja kubwa na enema za mesalazini vina kitu hicho hicho. Hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko vya kumeza, lakini kwa mtu ambaye mwili wake umeshaikataa, usikubali kuvipewa kabla bingwa hajatamka.

Sasa nikuombe kitu. Usifunge kesi mapema. Una watuhumiwa wengine na lazima wahojiwe. Diklofenaki inaumiza figo kwa njia zaidi ya moja, na pia inajulikana kuamsha koliti, hivyo kwako ina makosa mawili. Omeprazoli, dawa ambayo Watanzania tunaimeza kama pipi, ni miongoni mwa dawa zinazojulikana zaidi kuleta uvimbe huo huo wa figo. Kama haina kazi mwilini mwako, mwambie daktari aiangalie upya. Na fibroidi zako: zikiwa kubwa huweza kubana mirija inayoshusha mkojo, mkojo ukarudi nyuma na figo zikavimba. Hiyo haihusiani na dawa yoyote, inaonekana kwa ultrasaundi ya kawaida, na tiba yake ni nyingine kabisa. Ultrasaundi iwe ya kwanza.

Kwa bingwa nenda na dawa zako zote mkononi, hata za maji na za mitishamba, na majibu yote matatu ya kreatinini yakiwa na tarehe. Mkojo upimwe protini na chembe nyeupe. Kwenye uvimbe wa namna hii huonekana chembe nyeupe bila bakteria, na nimeona watu wakipewa antibayotiki za "U.T.I." mara kwa mara kwa sababu hiyo hiyo. Angalia pia kizio cha maabara. 168 yako ni maikromoli kwa lita; maabara nyingine watakuandikia 1.9, hiyo ni miligramu kwa desilita, na ni kitu kile kile. Unagawa kwa 88.4. Nimewahi kumwona mgonjwa akishangilia kwamba kreatinini imeshuka kutoka 150 hadi 1.8, kumbe imepanda. Kwa umri na jinsia yako, 168 ni uchujaji wa figo wa kama mililita 35 kwa dakika, wakati ile 71 ya zamani ilikuwa juu ya 90. Kwa hiyo si jambo dogo, na wala si mwisho.

Ukihamishiwa azathioprini kama kaka hapo juu: hiyo haina sifa mbaya kwa figo, ila inaweza kushusha chembe za damu na kuchokoza ini, kwa hiyo damu itapimwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Na shika hili kwa mikono miwili. Figo zikipungua nguvu, asidi ya mkojo hupanda, mtu hupata gauti (viungo kuvimba na kuuma), na dawa ya gauti inayoandikwa zaidi ni alopurinoli. Alopurinoli na azathioprini zikikutana bila daktari kupunguza dozi kwa kiasi kikubwa, uboho unaweza kusimama kutengeneza damu. Mwambie kila atakayekuandikia dawa.

Dada_wa_Leicester

Assalamu alaykum mwalimu, pole na mtihani. Mimi ni Mzanzibari, niko Uingereza, mama yangu mzazi anatumia mesalazini huku. Nataka tu kueleza utaratibu wanavyoufanya, ili mpate cha kudai huko nyumbani. Mwongozo wa dawa wa hapa unasema figo zipimwe kabla ya kuanza, tena baada ya miezi 3, halafu kila mwaka, na mara nyingi zaidi kwa mwenye figo dhaifu. Mama hukumbushwa kwa simu na daktari wa mtaa, na asipokwenda kupimwa wanamwuliza kabla ya kumwandikia tena. Kipimo chenyewe ni kidogo, mrija mmoja wa damu. Hakihitaji mashine kubwa wala bingwa. Kila hospitali ya wilaya inapima kreatinini, kwa hivyo kinachokosekana ni mtu wa kukumbuka tu.

Jambo jingine lililotutia hofu, labda litamsaidia mtu. Siku moja mama alitoka chooni analia, mkojo umekuwa mwekundu wa kahawia ndani ya choo. Tukadhani ni damu, figo zimekwisha. Nesi akatuuliza kama tumemwaga dawa ya kung'arishia choo, ile yenye klorini. Tulikuwa tumemwaga. Mesalazini iliyo kwenye mkojo ikikutana na klorini hubadilika rangi. Ukiona hivyo kojolea kwenye kopo safi kwanza, uangalie. Ikiwa bado nyekundu, basi nenda hospitali.

MwalimuMoro (Morogoro)

Ndugu zangu, nimerudi. Zimepita wiki kadhaa, samahani kwa ukimya, nilikuwa nalazwa na kutoka.

Mesalazini niliacha usiku ule ule niliposoma jibu la mfamasia. Nilimpa mume wangu simu akasoma mwenyewe, akanyamaza, akaenda kuvitoa vidonge kwenye droo. Nashukuru sana.

Ultrasaundi ilikuwa ya kwanza kama ulivyosema. Figo zina ukubwa wa kawaida, mkojo haujarudi nyuma, kwa hiyo fibroidi zimeachiwa huru. Mkojo ulikuwa na protini kidogo na chembe nyeupe nyingi, wakauotesha, hakuna bakteria. Bingwa wa figo ni mama mmoja mtulivu sana. Alimwaga mfuko wangu wa dawa mezani, akatenga mesalazini, diklofenaki na omeprazoli upande mmoja, akasema hizi tatu zote zinaondoka leo, hatuna haja ya kubahatisha ni ipi. Nikamuuliza kuhusu biopsi kabla hajanitajia, akatabasamu, akauliza nimeisikia wapi. Kaka wa Kisauni, mlio ni wa stepla kweli, na kwa sababu yako niliungojea.

Majibu: uvimbe mwingi, makovu machache. Alivyotamka "machache" nililia mbele yake. Alinieleza pia kwamba madaktari wenyewe hawajakubaliana wote kama prednisoloni inaongeza nini katika hali hii, ila kwa kuwa uvimbe ni mwingi na kovu ni dogo, na tumbo langu litafaidika nayo vilevile, yeye anaona nitumie. Nimeikubali. Kipimo cha mwisho kreatinini 124, ambayo ameniambia ni uchujaji wa kama 50. Bado hatujajua itatua wapi.

Tumbo: makamasi kidogo, damu hakuna. Mpango tumeshapanga, na umeandikwa: prednisoloni ikishuka chini, azathioprini inaingia, lakini kwanza wanamaliza kunipima homa ya ini B, kifua kikuu na VVU, maana dawa hiyo inashusha kinga. Upasuaji wa kizazi utasubiri kreatinini itulie, na yule daktari wa usingizi ameshaandikiwa kwamba sipewi diklofenaki wala ketorolaki baada ya upasuaji. Hilo nilikuwa sijalifikiria kabisa, kwamba wodini mtu huchomwa sindano ya maumivu bila kuulizwa.

Mizizi ya mama mkubwa niliipokea kwa mikono miwili, nikamweleza kwa upole kwamba daktari amekataza kila kitu kisichojulikana kipimo chake. Alielewa. Nimembandikia mume wangu karatasi ndani ya kabati, na kwenye jalada la faili langu nimeandika kwa wino mwekundu: ASIPEWE MESALAZINI WALA SALFASALAZINI. Nilirudi pia kwenye dirisha la dawa nilikokuwa nachukulia, nikaomba kuonana na msimamizi. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba mgonjwa akija kuchukua mesalazini aulizwe mara ya mwisho alipima figo lini. Aliandika. Nitarudi kuuliza tena.

Kijana_wa_Tunduma

Wakuu, nimeshtuka. Mimi natumia mesalazini mwezi wa nne huu, sijawahi kupimwa figo popote. Pia kuna maumivu ya ubavu wa kushoto yanakuja na kuondoka, makali sana, hadi natapika. Nilipiga eksirei wakasema hakuna kitu. Niache dawa?

Mfamasia_Dom (Dodoma)

Kijana, usiache peke yako, ila nenda hospitali kesho asubuhi, na ukipatwa na homa au ukashindwa kukojoa nenda usiku huu huu. Omba vitu vitatu: kreatinini, mkojo, na ultrasaundi ya figo. Maumivu unayoyaeleza yanafanana na ya jiwe. Mwenye ugonjwa wa utumbo hupata mawe kwa urahisi zaidi, hasa anayehara sana na kunywa maji kidogo. Na kuna mawe yanayotengenezwa na mesalazini yenyewe, ni nadra, lakini yapo, na hayo hayaonekani kwenye eksirei. Hivyo jibu la "hakuna kitu" lisikutoshe. Mweleze daktari jina la dawa kabla hajaanza kukupima, na kama jiwe litatoka, lichuje kwa kitambaa safi ulipeleke maabara. Maumivu yakizidi kabla hujafika, panadol tu. Diklofenaki usichome, hata wakikushauri duka la dawa hapo Tunduma. Ukipata majibu yaandike hapa, na uandike kizio.